Majani Mekundu ya Pwani Yetu

Kila ufikapo mwezi wa Oktoba, wifi yangu aishiye Toronto, nchini Kanada, hututumia picha za wanawe wakicheza juu ya majani yaliyopukutika: mekundu, ya manjano, na mengine yenye rangi ya zafarani. Mwaka jana binti yetu wa miaka tisa alizitazama picha hizo kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Nyanya, mbona miti ya kwetu haina rangi? Kwetu hakuna kizuri cha kwenda kutazama?"

Mama mkwe wangu hakumjibu papo hapo. Alikuwa ameketi uani, hapa kwetu Kisauni, chini ya mkungu alioupanda kwa mkono wake mwaka aliozaliwa huyo wifi yangu. Mti huo ndio uliokuwa mzozo wa nyumba wiki hiyo. Mizizi yake ilianza kuinua sakafu ya ua, majani yake yaliziba mfereji wa paa, na mimi ndiye niliyeyafagia kila asubuhi. Tulikwisha kupatana na fundi wa msumeno aje Jumatatu. Mama mkwe hakusema neno, nasi tukajifanya kuwa kunyamaza kwake ni kuridhika.

"Jumamosi nipelekeni Gede," alisema hatimaye. "Mjukuu wangu ana swali."

Tulitoka baada ya swala ya Alfajiri. Nilifungasha mahamri, mbaazi za nazi, viazi karai na chupa ya chai ya iliki. Nikatia garini mkeka na dumu la maji ya udhu. Tukasoma dua ya safari pamoja, na mwanangu mdogo akaitikia "Amin" kwa sauti ya kumwamsha jirani.

Tulipopita Mtwapa na mashamba ya mikonge ya Vipingo, mibuyu ikaanza kujitokeza kando ya barabara. Mmoja ulikuwa mtupu kabisa, matawi yake yamenyooshwa juu kama mizizi. Wa pili, hatua chache tu mbele, ulikuwa umeanza kuvaa majani mabichi. "Huu umekufa?" binti yangu aliuliza. Nyanya yake akacheka. "Haukufa, mama. Umefunga mkono. Maji yakiwa haba, mbuyu huangusha majani ili usiyapoteze yale uliyoyaweka kwenye shina. Na hayo mabuyu unayonunua langoni mwa shule, yanatoka huku."

Hapo ndipo penye tofauti kati yetu na Kanada. Kule, siku zinapofupika na baridi kuingia, mti huacha kutengeneza ile rangi ya kijani inayoitwa klorofili. Kijani kikiondoka, manjano iliyokuwa imejificha ndani ya jani huonekana, na baadhi ya miti hutengeneza rangi nyekundu kabla jani halijaanguka. Sisi tulio karibu na Ikweta, urefu wa mchana wetu haubadiliki sana. Miti yetu mingi haihesabu baridi, huhesabu mvua.

Tulivuka daraja la Kilifi, na mama mkwe akaeleza jinsi walivyokuwa wakingojea feri hapo kabla daraja halijafunguliwa mwaka 1991. Kisha akanyamaza, akaitazama mibuyu ya ng'ambo. Wasomaji wengi watakumbuka kuwa mwaka 2022 mibuyu mikubwa ya Kilifi ilichimbuliwa na mizizi yake ili isafirishwe hadi bustani moja nchini Georgia, ng'ambo ya Bahari Nyeusi. Wenye mashamba walilipwa, Wakenya wengi wakalalamika, na mwezi wa Novemba Rais William Ruto akaagiza uchunguzi ufanywe. "Mtu mwenye shida humlaumu vipi?" alisema mama mkwe. "Lakini mti wa miaka mamia haurudishwi kwa fedha." Mume wangu aliendesha gari bila kusema kitu. Nami sikusema.

Mbele kidogo, mkono wa kushoto, ulianza msitu wa Arabuko-Sokoke. Msitu huu una eneo la kilomita za mraba zipatazo 420, na ndio mkubwa kuliko misitu yote ya pwani kavu iliyobaki Afrika Mashariki. Tuliingia kwa miguu katika sehemu yenye mchanga mweupe, ambako humea miti iitwayo mirihi. Hapo binti yangu alisimama ghafla. Juu ya baadhi ya matawi majani yalikuwa mekundu, yakimeta kama shaba iliyosuguliwa.

"Yanaanguka!" alisema.

"La," nyanya yake akamjibu. "Yanazaliwa."

Ndivyo ulivyo mrihi. Huchipua kabla ya mvua, na jani lake changa hutoka likiwa jekundu. Rangi hiyo hulikinga na jua kali hadi likomae na kuwa kijani. Huko Toronto wekundu ni wa jani linaloaga. Hapa kwetu ni wa jani linaloingia duniani. Nilimwona mtoto akilifikiria jambo hilo kimya kimya, nami nikamkumbuka Mola Mwenyezi, ambaye hakuna jani liangukalo wala lichipualo nje ya elimu yake.

Mwongozaji wa msituni alitueleza habari za mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa mwaka 1993. Wakulima wanaopakana na msitu hufuga viwavi vya vipepeo, na mabuu yao huuzwa ng'ambo. Hivyo msitu uliosimama huwalisha watu bila kukatwa.

Adhuhuri ilipoingia tulitandika mkeka. Kutoka Kisauni hadi Gede ni mwendo unaokaribia kilomita 100, masafa yanayotosha, kwa madhehebu yetu ya Shafi, msafiri kupunguza na kukusanya swala. Tuliswali Adhuhuri rakaa mbili na Alasiri rakaa mbili. Watoto walikuwa hawajapata kuiona ruhusa hiyo kwa macho. Mwenye shaka juu ya masharti yake na amuulize maalimu wake kabla ya kuondoka.

Jioni tulizunguka magofu ya Gede, mji wa Waislamu uliohamwa katika karne ya 17, na ambao mwaka 2024 uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Tulisimama mbele ya kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399 Miladia, tukawarehemu waliolala hapo. Misikiti imebaki kuta, waliouswalia hawapo. Miti ndiyo iliyobaki ikiwapa kivuli wageni.

Tuliporudi nyumbani usiku ulikuwa umeingia. Asubuhi yake nilichukua fagio kama kawaida, nikamkuta binti yangu amechuchumaa chini ya mkungu. Mkononi alikuwa na jani kubwa, jekundu kama damu ya zabibu. Kumbe mkungu nao hugeuza majani yake kuwa mekundu kabla ya kuyaangusha, na miaka yote hiyo mimi nilikuwa nikiyaita takataka.

"Nyanya, kumbe ulikuwa umekalia jibu!"

"Ningekwambia hapa," alisema mama mkwe, "mngesema mzee anautetea mti wake."

Mume wangu alitoka nje, akampigia fundi simu. Jumatatu fundi alikuja, akakata tawi moja tu, lile lililolalia paa. Sakafu tutaitengeneza tukijaliwa. Jani lile lilikaushwa ndani ya daftari, likatiwa katika bahasha, likapelekwa Toronto kwa shangazi aliyezaliwa mwaka mmoja na mti.

Ndugu msomaji, likizo zijapo si lazima uende mbali. Ulizia ada za kuingia mapema, beba maji ya kutosha, usichume kitu msituni, na mpe mzee wa nyumba kiti cha mbele. Yeye ndiye ajuaye majina ya miti.