Tupime Kwanza, Tuagize Baadaye

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Morogoro hupita Kingolwira muda mfupi kabla ya kuingia mjini, milima ya Uluguru ikiwa upande wake wa kushoto. Reli ya kwanza ilifika Morogoro mwaka 1907, ikijengwa kwa majembe, sururu na mabega ya watu. Reli ya pili, ile ya kisasa iendeshwayo kwa umeme, iliwekewa jiwe la msingi mwezi wa Aprili 2017, na treni zake zikaanza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024. Kingolwira ndiko ilikofikishwa njia ya umeme wa kilovolti 220 iliyojengwa kutoka Kinyerezi kwa ajili ya reli hiyo.

Baina ya reli hizo mbili zana za ujenzi zimebadilika mno. Jembe lililovunjika mpini lilitengenezwa papo hapo na aliyelishika. Kijiko, buldoza au greda la leo lina kompyuta kadhaa: moja ya injini, nyingine ya pampu za haidroliki, nyingine ya gia, na nyingine ya kioo anachokitazama dereva. Kompyuta hizo huzungumza kwa kupitia nyaya mbili tu zilizosokotwa pamoja. Mpango huo ulibuniwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani na kutangazwa mwaka 1986. Baadaye ukawekewa kanuni za magari na mitambo mizito zijulikanazo kwa jina la J1939. Mashine za namna hiyo ndizo zichongazo barabara zetu za Unguja na Pemba, na kwa hiyo habari hii inatuhusu sisi wa visiwani kama inavyowahusu wenzetu wa Morogoro.

Mazungumzo ya kompyuta hizo yana adabu yake, mfano wa barazani. Wawili wakianza kusema kwa pamoja, mwenye neno dogo hunyamaza, mwenye neno kubwa akamaliza, kisha yule wa kwanza akarudia lake. Na ili sauti isirudi kama mwangwi ndani ya birika tupu, kila ncha ya njia hufungwa rezista ya omu 120.

Njia hiyo ikiharibika, injini huwa nzima, mafuta yamejaa, na mashine isiende. Kioo huonyesha namba ya hitilafu, na hapo ndipo fedha za umma zinapoanza kupotea. Namba ikitaja kompyuta ya injini, mara huandikwa barua ya kuagiza kompyuta mpya kutoka ng'ambo. Fedha za kigeni hutoka, majuma hupita, kifaa hufika, hufungwa, na mashine husimama vile vile.

Hapana budi ifahamike kwamba namba ya hitilafu ni shahidi tu; hukumu bado haijatolewa. Katika kanuni za J1939, namba 639 huelekeza kwenye njia yenyewe ya mawasiliano, na alama ya 9 ifuatayo husema kwamba habari haziji kwa wakati wake. Haisemi ni waya gani uliokatika. Fundi mwenye busara husoma namba za kompyuta zote, kisha hujiuliza: ni nani asiyesikika? Ikiwa wote wanamlalamikia mmoja, huanza kwa huyo, akitazama fyuzi yake, umeme wake na waya wake wa ardhi. Ikiwa wote hawasikiani, huitazama njia kuu.

Kazi hiyo yahitaji mita ya umeme ya kawaida. Betri ikiwa imefunguliwa, fundi hupima baina ya pini C na D za soketi ya uchunguzi yenye pini tisa. Akipata omu 60, rezista mbili zipo na njia kuu haikukatika. Akipata 120, upande mmoja umepotea. Akipata karibu na sifuri, nyaya mbili zimegusana. Kisha huwasha umeme na kupima kila waya kwa ardhi: zote mbili huwa karibu na volti 2.5, moja juu kidogo na nyingine chini kidogo. Kama sivyo, huchomoa tawi moja moja mpaka njia irudi katika hali yake. Tawi lililochomolewa mwisho ndilo lenye maradhi.

Mara nyingi maradhi hayo ni madogo: waya uliosuguliwa na chuma mahali unapopinda, panya aliyekula ganda lake, au soketi iliyoingia maji. Kingolwira vumbi la kiangazi na tope la masika ndiyo maadui. Huku kwetu adui ni chumvi ya bahari, ambayo huingia ndani ya soketi na kuzilisha pini kutu ya kijani pasipo mtu kuiona. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo tunayo maneno kwa viongozi wenye dhamana ya ujenzi. Kila mkataba wa kununua mitambo au wa kujenga barabara utaje wazi kwamba michoro ya nyaya, kifaa cha kusomea namba za hitilafu na ruhusa ya kukitumia vitabaki mikononi mwetu. Mkandarasi atakapoondoka, asiondoke na ufunguo. Vijana wafunzwe kupima wakati mashine zingali kazini. Morogoro kipo chuo cha walimu wa ufundi stadi. Na sisi tunavyo vituo vya mafunzo ya amali vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji, pamoja na Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia. Mita na soketi mbovu za kufundishia hazina gharama kubwa.

Tena kila karakana ya serikali iwe na daftari. Ombi la kompyuta mpya lisipitishwe mpaka vipimo vimeandikwa: omu ngapi, volti ngapi, tawi gani lilichomolewa, nani alipima. Ofisa atakayetia saini bila ya kuviona atakuwa ameagiza kwa kubahatisha.

Mwenye kuulipia ubahatishaji huo ni mwananchi. Greda likisimama kiangazi, masika huikuta barabara imechimbwa na haikushindiliwa. Karafuu hukawia kufika mjini, na mama mjamzito huchelewa kufika hospitali. Yote hayo yaweza kuanzia kwenye pini moja yenye kutu, ambayo kijana aliyefundishwa angeisafisha kabla ya adhuhuri.