Pugi wa Kifua Cheupe: Jirani Tusiyemjua

Adhuhuri ya Jumamosi moja, mtoto wa nyumba yetu mwenye umri wa miaka tisa aliingia uani akiwa na manati mkono mmoja, na mkono wa pili ameshika ndege mdogo aliyekwisha kufa. Mgongo wa ndege ulikuwa wa hudhurungi, kifua cheupe kama pamba, na bawa lilipokunjuliwa ilionekana rangi nzuri ya kutu. Mtoto alitarajia kusifiwa kwa shabaha yake. Nyanyake alimtazama yule ndege kwa muda, kisha akamwuliza alikompata.

“Kwenye mlimau, Nyanya. Alikuwa akiingia kiotani.”

Tulikwenda kutazama. Katikati ya mmea wa kutambaa uliouzonga mlimau, kimo cha mtu mzima kutoka ardhini, palikuwa na vijiti vichache vilivyopangwa ovyo, hata mwanga wapenya katikati yake. Juu ya vijiti hivyo walilala makinda mawili, macho wameyafumba. Mtoto aliyatazama, akanyamaza, kisha akauliza: “Sasa nani atawalisha?”

Hatukuwa na jawabu. Tumeishi na ndege huyo miaka yote, sauti yake twaisikia kila siku, wala hatukuwahi kuuliza anakula nini, analea vipi, au kwa nini amechagua kukaa kwetu. Makala haya ni jawabu tulilomtafutia mtoto yule, nasi twaona lafaa kusomwa katika kila nyumba yenye mti na mtoto.

Jina na umbo lake

Wazee wetu wa Pwani hawakuwaita ndege wa jamii hii kwa jina moja. Walimjua njiwa afugwaye darini, tetere aliaye mnazini, ninga wa kijani alaye matunda ya mikuyu, na pugi, mdogo wa wote, akaaye vichakani. Pugi nao si wa aina moja. Aliye mashuhuri zaidi katika vichaka vikavu ni yule mwenye madoa ya kijani yanayomeremeta bawani. Huyu wetu ni nduguye wa kivulini, mwenye uso na kifua cheupe, na madoa yake ya bawani ni meusi yenye kumeta kwa mbali.

Urefu wake ni sentimita 22 hivi, na uzito wake ni kama gramu 70, yaani hauzidi sana uzito wa yai moja la kuku. Dume ndiye mwenye weupe safi wa uso, nyusi na kifua, na mstari wa giza upitao machoni. Jike hana weupe huo. Usoni na kifuani ana rangi ya kijivujivu inayomficha vizuri zaidi anapoatamia. Ndipo tulipojua kwamba aliyeuawa siku ile alikuwa baba.

Katika vitabu vya elimu ya ndege huitwa Turtur tympanistria. Jina hilo lilitolewa mwaka 1809 na mtaalamu wa Kiholanzi, Coenraad Jacob Temminck, na neno lake la pili latokana na Kigiriki, maana yake ni mwanamke apigaye ngoma. Nasi twaweza kumwita mpiga tari, kwa kuwa ndivyo Wazungu wamwitavyo hadi leo. Ajabu ni kwamba mpiga tari huyu, tofauti na wale wa harusini kwetu, hapendi kuonekana na watu.

Sauti ya adhuhuri

Jua linapokuwa utosini, chungu kimeepuliwa na watoto wametoka chuoni, ndege wengi hunyamaza. Pugi hapo ndipo asikikapo. Huanza taratibu: du… du… du, kisha mapigo hukaribiana na kuongeza kasi, yote yakiwa ya sauti ile ile isiyopanda wala kushuka, mara yanakatika ghafula. Nduguye mwenye madoa ya kijani huanza vivyo hivyo, lakini sauti yake hushuka na kufifia mwishoni, kama mtu aliyeishiwa na pumzi kwa kilio. Kusini mwa Afrika watu wengi husikia katika sauti hiyo ya nduguye maombolezo ya yatima aliyefiwa na jamaa zake wote. Mwenye kutaka kuwatofautisha ndege hawa wawili bila kuwaona, na asikilize mwisho wa wimbo.

Anayelia ni dume aghalabu, akiwa ametulia tawini ndani ya majani. Sauti yake nzito husafiri mbali kati ya miti, na ni vigumu kujua yatoka upande gani. Kwa hiyo mtu aweza kuishi naye miaka mingi, asimwone ila kwa sekunde moja, anapopaa kutoka njiani na kupita chini chini kati ya mashina kwa kasi ya mshale, mabawa yakitoa rangi ya kutu.

Makazi na riziki yake

Pugi huyu ni ndege wa kivuli. Twamkuta katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, na pia katika visiwa vya Komoro, ambako wengi wa wasomaji wetu wana jamaa. Hapa kwetu yumo katika msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi kati ya Kilifi na Malindi, na katika vilima vya Shimba huko Kwale. Hutulia pia katika misitu ya makaya ya Wamijikenda, ambayo mwaka 2008 iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Misitu hiyo ni midogo, mingine yaweza kuzungukwa kwa miguu kabla ya alasiri. Lakini kwa kuwa wazee waliiheshimu na kukataza kukatwa miti yake, imebaki kuwa hifadhi ya viumbe vingi ambavyo mashambani havionekani tena.

Zaidi ya misitu hiyo, pugi huridhika na kidogo. Bustani yenye miti mizee, shamba la miembe lililoota magugu chini yake, au kichaka cha nyuma ya ua, vyamtosha. Hutembea ardhini peke yake au wawili wawili, akiokota mbegu zilizodondoka, matunda madogo, na mara nyingine mchwa au konokono wadogo.

Chakula akipendacho sana ni mbegu za mbarika, au mnyonyo kama wengine wauitavyo. Kina mama wote wajua kwamba mafuta ya mbegu hizo ni dawa, lakini mbegu yenyewe ni sumu kali ambayo mtoto hapaswi kuitia kinywani. Pugi huziokota na kuzimeza, akaenda zake salama. Tusimwige katika hilo; bali tuzidi kumshangaa Muumba aliyemjaalia kila kiumbe riziki yake.

Unywaji wake nao una ajabu. Kuku hupiga funda, akainua kichwa ili maji yashuke. Pugi na jamaa zake wote wa jamii ya njiwa hutumbukiza mdomo na kuyavuta maji mfululizo, kama mtoto anyonyaye, bila ya kuinua kichwa mpaka akate kiu.

Baba na mama kiotani

Sasa tufike penye swali la mtoto wetu. Pugi hujenga kiota chepesi mno cha vijiti na vikonyo vya majani, mara nyingi ndani ya mimea ya kutambaa, wala si juu sana. Jike hutaga mayai mawili yenye rangi ya maziwa. Wazazi wote wawili huyaatamia kwa zamu, ingawa sehemu kubwa ya kazi ni ya mama.

Makinda yakianguliwa hayapewi mbegu wala wadudu. Hulishwa maziwa. Maziwa hayo hayatoki kifuani kama ya wanyama, bali hutengenezwa ndani ya gole, yaani kile kifuko cha chakula kilicho kooni mwa ndege. Ukuta wa gole huvimba na kutoa utando laini mfano wa jibini, wenye protini na mafuta kwa wingi. Kinda hutia mdomo wake ndani ya mdomo wa mzazi, akanywa. Homoni iletayo maziwa hayo ni prolaktini, ile ile imwezeshayo mama wa kibinadamu kumnyonyesha mwanawe.

Na la kustaajabisha zaidi ni hili: baba naye hutoa maziwa. Katika jamii nzima ya njiwa, dume na jike hunyonyesha sawa. Wanazuoni wetu wa zamani walikwisha kuutazama ulezi wa ndege hawa. Al-Jahiz wa Basra, aliyeishi katika karne ya 9, aliwapa njiwa nafasi kubwa katika Kitab al-Hayawan.

Basi jawabu la swali la mtoto lilikuwa zito. Kwa jiwe moja makinda yale yalikuwa yamepoteza nusu ya maziwa yao, na mama amebaki peke yake kuyafunika, kuyalisha na kujitafutia chakula chake. Tulimwona akirudi, akikaa, akiondoka tena. Siku ya nne kinda moja lilikuwa limekufa. La pili lilikua, likaota manyoya yenye michirizi ya hudhurungi, na asubuhi moja tukakuta kiota kitupu. Kama liliruka au lilichukuliwa, hatujui.

Maadui na makosa yetu

Pugi ana maadui wake wa asili: kipanga, nyoka, kanu na tumbili. Yeye naye amepewa kinga. Manyoya yake hung’oka upesi anaposhikwa, hata adui akabaki na manyoya mdomoni na ndege ameponyoka. Lakini kinga hiyo haimsaidii mbele ya mambo tuliyoyaongeza sisi.

La kwanza ni kunguru weusi wenye shingo ya kijivu, walioletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, wakaenea pwani yote. Hao hula mayai na makinda, na taka tunazozitupa ovyo ndizo ziwalishazo na kuwaongeza. La pili ni paka wasio na mwenyewe. La tatu ni manati, vitanzi na ulimbo mikononi mwa wana wetu. La nne, na ndilo kubwa kuliko yote, ni kuondolewa kwa kivuli. Msitu hukatwa kwa makaa na mashamba; na hata mitaani kwetu, kila uwanja unaposafishwa hadi mchanga ukabaki mweupe, pugi hana tena pa kukaa.

Haifai kutia chumvi. Ndege huyu hayumo katika orodha ya walio karibu kutoweka duniani, na Afrika bado anao wengi. Lakini ndege kutotoweka Afrika ni jambo moja, na kutotoweka mtaani kwako ni jambo jingine. Kichaka kikiisha, sauti ya adhuhuri nayo huisha, na watoto watakaozaliwa baadaye hawatajua kwamba palikuwa na kitu cha kusikilizwa.

Yaliyo katika uwezo wa nyumba

Si lazima kuwa na shamba kubwa ili kumsaidia. Tuache pembe moja ya ua iwe na miti na mimea ya kutambaa, tusiifyeke yote kwa jina la usafi. Tuweke chombo kipana cha maji kivulini, mbali na mahali paka awezapo kujificha, na tukibadilishe maji kila siku ili mbu wasizaliane. Ndege hawa huruka kwa kasi na mara nyingi hugonga vioo vya madirisha. Pazia jepesi au kitambaa kilichotundikwa nje hutosha kuwaonya. Taka za jikoni zifunikwe, kunguru wasipate karamu. Na atakayetaka kupogoa mti, kwanza autazame vizuri kama una kiota.

Lililo kubwa zaidi ni malezi. Imepokewa katika Sunan Abi Dawud kwamba Mtume Muhammad (s.a.w.) alikuwa safarini na masahaba, nao wakachukua makinda mawili ya ndege mdogo. Mama yao akaja akipigapiga mabawa kwa uchungu. Mtume aliuliza ni nani aliyemtia ndege huyo simanzi kwa sababu ya wanawe, akaamuru arudishiwe. Tulimsimulia mtoto wetu kisa hicho jioni ile ile. Hatukumpiga. Hakujua alilotenda, na lawama ya kutojua ilikuwa yetu kabla ya kuwa yake.

Manati yenyewe ingali ipo, imetundikwa msumarini, na hatukumwambia aitupe. Ila siku hizi, adhuhuri ikifika na sauti ikaanza huko nyuma ya ua, yeye ndiye anayetunyamazisha sote, akahesabu mapigo kwa vidole mpaka yakatike. Juzi aliapa kwamba amemwona pugi wa kifua cheupe akinywa maji chini ya mlimau. Nyanyake alimwuliza alijuaje kuwa ni dume. Akamweleza vyote: uso, nyusi, kifua. Kisha akatuomba tusikate ule mmea wa kutambaa mwaka huu. Hatukuukata.