Bomba mbili za moshi kwa pikapu ya koperative: nguvu ao kelele?



Swali hili linarudi katika koperative kila mara pikapu inapoanza kuchoka. Gari haipandi tena mlima na mzigo wake. Shofere anasema dawa ni kuondoa bomba moja ya moshi, ile mafundi wanaita eshapema, na kuweka mbili. Fundi wa garaje anakubali, anaandika bei. Mweka hazina anaangalia ile karatasi, anaangalia komite, na hakuna anayejua kama aseme ndiyo ao hapana. Pesa ni ya memba wote, imetoka kwa kahawa, viazi na maharagi yao. Kwa hiyo tumeona vizuri kueleza jambo hili wazi, kusudi komite iamue ikijua inanunua nini.

Bomba mbili zilitoka wapi

Bomba mbili hazikuanza kama pambo. Huko Marekani, pikapu nyingi kubwa zimetengenezwa na motere ya V8 ya esanse. Motere hiyo iko na silinda 8 katika safu mbili, nne upande wa kushoto na nne upande wa kuume, mfano wa herufi V. Kila safu inatoa moshi upande wake. Ukiipa kila safu bomba yake kuanzia motere mpaka nyuma, moshi unapata njia pana, na motere inapumua vizuri wakati inazunguka kwa mbio. Hapo bomba mbili ziko na kazi.

Sasa tuangalie gari zetu. Hilux nyingi tunazotumia ziko na silinda 4 katika mstari mmoja. Land Cruiser yenye motere ya 1HZ, ile ya mazutu ya litre 4.2, iko na silinda 6, nazo ziko mstari mmoja. Moshi wote unatoka upande mmoja na kuingia bomba moja. Fundi akikuwekea bomba mbili, mara nyingi anagawanya tu ile moja huko nyuma, baada ya silansie. Ni sawa na mfereji mwembamba wa maji: ukiugawanya mara mbili karibu na shamba, maji hayaongezeki, juu mlango wa huko mwanzo ni uleule. Hata Land Cruiser 79 ya V8 ya mazutu, litre 4.5, ilitoka kiwandani na bomba moja tu, kwa sababu moshi wote unapita katika turbo moja.

Nguvu inapotelea wapi?

Kabla ya kulaumu bomba, tukumbuke mahali tunapoishi. Goma na Bukavu ziko karibu metre 1,500 juu ya bahari. Kule hewa ni nyepesi kuliko kule Moanda kwa kadiri ya sehemu moja ya saba. Motere isiyo na turbo inavuta hewa kidogo, na mazutu bila hewa ya kutosha hayaungui yote. Nguvu inapungua, moshi mweusi unatoka. Bomba ya pili huko nyuma haileti hewa huko mbele.

Moshi wenyewe unasema ugonjwa uko wapi:

– Moshi mweusi: hewa ni kidogo ao mazutu ni mengi. Angalia kwanza filita ya hewa. Katika barabara ya vumbi inaziba upesi. Kisha fundi apime enjekta na pompe.
– Moshi wa bluu: motere inaunguza mafuta yake. Bomba mpya haitaponya kitu.
– Moshi mweupe usioisha hata motere ikishapata moto: maji yanaingia ndani, ao mazutu hayaungui vizuri.

Tena angalia freni zinazoshika bila kukanyagwa, mipira isiyo na upepo wa kutosha, na mzigo uliopita kipimo. Hayo matatu yanakula nguvu ya gari kila siku.

Inatokea pia kwamba ugonjwa uko kweli katika bomba: imebonyea kwa kugonga jiwe, silansie imeoza ndani na kuziba, ao maungio yanavuja. Asubuhi, motere ikiwa baridi, iwasheni mahali pa wazi na sikilizeni chini. Sauti ya «chu-chu-chu» na alama nyeusi za masizi kwenye maungio zinaonyesha pahali moshi unapovujia. Hapo dawa ni kutengeneza ile bomba moja, ao kuweka moja mpya ya upana uleule. Kwa gari ya turbo, bomba moja pana kidogo na isiyo na kona nyingi inasaidia kuliko bomba mbili nyembamba.

Hatari tatu ambazo bei haionyeshi

Ya kwanza ni uhai wa watu. Moshi wa motere uko na gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, na inaua. Bomba ya kiwandani inatoa moshi nyuma kabisa ao pembeni, mbali na mahali watu wanakaa. Bomba ya kuongeza iliyokatwa fupi inaachia moshi chini ya karoseri, na moshi unapanda kupitia matundu. Sisi wote tunajua nani anakaa pale juu ya magunia: mama anayerudi sokoni, mtoto, kijana wa kupakua. Kama kuna turubai, gesi inabaki ndani pamoja nao. Mtu akisikia kichwa kinauma, kizunguzungu ao kutapika ndani ya gari, simamisheni, mumutoe kwenye hewa safi, na mumupeleke kituo cha afya.

Ya pili ni mazao. Kahawa kavu inavuta harufu ya kitu chochote kilicho karibu. Gunia likisafiri masaa sita juu ya moshi wa mazutu, muonjaji ataikuta ile harufu katika kikombe. Kazi yote ya kuchuma matunda mekundu, kuosha na kuanika inaharibika katika safari moja, na bei inashuka kwa koperative nzima.

Ya tatu ni barabara yenyewe. Chini ya Hilux kuna resori, mipira ya freni, tanki ya mazutu na gurudumu la akiba. Bomba ya pili inapita katikati ya vitu hivyo ikiwa na moto mkali. Ikining'inia chini, jiwe la kwanza linaing'oa. Tena gari ikiegeshwa juu ya majani makavu, moto unaweza kuwaka.

Hesabu ya komite

Tuchukue mfano, bei ni ya kuonyesha tu. Kama kazi ya bomba mbili ni dola 240, na koperative inabakiza senti 4 za dola juu ya kila kilo, inahitaji kilo 6,000 za mazao kulipa hiyo bomba. Wekeni bei ya kweli ya fundi wenu na faida ya kweli ya koperative yenu, kisha muulize: je, gari itabeba kilo hizo upesi zaidi juu ya bomba ya pili? Kwa motere ya mstari mmoja, jibu ni hapana. Itasikika zaidi, basi.

Kama bomba inapaswa kubadilishwa, komite imuulize fundi maswali haya mbele ya kulipa:

1. Motere yetu iko na safu ngapi za silinda, moja ao mbili?
2. Umeangalia filita, enjekta na freni? Umekuta nini?
3. Bomba itatokea wapi? Tunataka itokee nje ya karoseri.
4. Itapita mbali gani na tanki na mipira ya freni?
5. Silansie itabaki? Bila silansie, kelele inachosha shofere katika safari ndefu, inatisha ng'ombe na mbuzi, na inaamsha kijiji.
6. Kuchomelea kukiachia, utarudilia bila malipo kwa muda gani?

Majibu yaandikwe, fundi na mwenyekiti watie sahihi, karatasi ibaki katika kitabu cha gari.

Kwa gari yenye V8 ya esanse iliyotoka kiwandani na bomba mbili, na moja imeoza, tengenezeni zote mbili namna zilivyokuwa. Kwa zingine zote, ushauri wetu ni bomba moja isiyovuja, silansie nzima, na filita safi. Pesa inayobaki iende kwa mipira na freni. Kupanda mlima kunahitaji nguvu, lakini kila mlima wa kwetu uko na mteremko wake, na watu wako juu ya magunia.