Majani makavu yatunzavyo siri za bustani

KATIKATI ya karne ya 19, Waingereza walipagawa na mmea usiochanua wala kuzaa tunda: kangaga. Matajiri kwa makabwela walivamia mabonde yenye unyevu, wakang'oa makangaga yenye majani yasiyo ya kawaida na kuyapanda nyumbani. Mwandishi Charles Kingsley aliupachika wazimu huo jina mnamo 1855.

Kilichochochea mapenzi hayo ni sanduku la kioo. Daktari Nathaniel Ward wa London alikuwa amegundua kwamba kangaga huweza kustawi ndani ya chombo cha kioo kilichofungwa, mbali na moshi wa makaa ya mawe uliolifunika jiji.

Mnamo 1861, kangaga lenye vijani vilivyopishana mithili ya msalaba lilipatikana Drymen, Scotland. Likaitwa Victoriae, kwa heshima ya Malkia Victoria.

Hapo ndipo utata ulipoanzia. Kangaga halina mbegu. Huzaana kwa vumbi laini litokalo chini ya majani, na miche ya vumbi hilo aghalabu hutofautiana na mzazi. Ili kupata pacha halisi wa aina kama hii, sharti shina lake ligawanywe. Hivyo, miche iliyofanana tu na Victoriae ikaishia kuuzwa kwa jina lilo hilo.

Ni nani basi wa kuamua lipi ni lipi? Shahidi ni jani kavu. Wapenzi wa makangaga waliyabana majani kati ya karatasi hadi yakakauka, wakayabandika, kisha wakaandika jina, mahali na tarehe. Hifadhi ya mimea mikavu ya Kew, London, ina takriban vielelezo milioni 7 vya mimea ya kila namna. Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi pia yana hifadhi kama hiyo.

Thamani ya majani hayo ilidhihirika baada ya vita vya 1914-1918, ambapo bustani nyingi zilikosa watunzaji na aina kadha wa kadha zikapotea. Leo, wataalamu huweza kuchunguza hata vinasaba vya jani la kale.

Hata hivyo, wanabotania wengi walithamini mimea ya mwituni, wakaipuuza ya bustanini. Isitoshe, jani lililokaushwa bila maandishi haliwezi kumtolea yeyote ushahidi.