Klore na Amonia ndani ya Bidoni Moja

Tunataka kuwaeleza jambo ambalo wengi wetu tunaliona kila siku ku mwambao wa ziwa na hatulifikirii. Mutu anafika na bidoni yake ya lita 20. Kwenye kituo cha klore kuna kijana ameshika seringi. Anavuta dawa, anaitia mu bidoni, anasema: ngoja nusu saa mbele ya kunywa. Siku nyingi watu wanakunywa na wanabaki wazima. Siku zingine wanalalamika kwamba maji inanuka dawa sana, na tumbo linauma vilevile. Wanasema: "Ile dawa yao ni ya bongo." Dawa haiko ya bongo. Lakini mu maji mwaweza kuwa na kitu chenye kuila, na kitu hicho ni amonia, ile ile tunayosoma mu somo la shimi kwamba inatengeneza mbolea.

Kwanza tukumbushane sababu gani Goma tunakunywa ziwa. Mji umejengwa juu ya makoro. Kuchimba kisima hapa ni kupigana na mawe, mto hakuna, na mvua hata ikinyesha namna gani inapita mu nyufa kama maji mu kikapu. Basi REGIDESO inavuta maji ya Ziwa Kivu kwa pompa, na pompa inakula umeme. Nyiragongo ikitapika, kama tarehe 22 Mei 2021, mabomba yanaharibika. Vita ikifika, kama Januari 2025, umeme unakatika, na watu wanarudi kuchota kwa mikono. Na mwaka 1994 hakuna anayepashwa kuusahau. Mu siku chache za mwezi wa Julai watu mia za maelfu walivuka mpaka kutoka Rwanda, wakakaa juu ya makoro haya bila choo na bila maji safi. Mu mwezi wa kwanza karibu watu 50 000 walikufa, wengi wao kwa kolera na kuhara damu. Ziwa lilikuwa pale mbele yao, limejaa. Walikufa karibu na maji.

Sasa hesabu ya kijana wa seringi. Unga wa klore unaoitwa HTH una klore karibu 65 mpaka 70 kwa mia. Wanapima grama 15 za unga, wanazitia mu lita 1 ya maji, inatoka dawa ya 1 kwa mia, maana yake mililita 1 inabeba miligrama 10 za klore. Akitia mililita 4 mu bidoni, ametia miligrama 40, na ukigawa kwa lita 20 unapata miligrama 2 kwa kila lita. Kisha nusu saa inapashwa kubaki bado miligrama 0,2 mpaka 0,5 kwa lita. Ile inayobaki ndiyo mlinzi: inachunga maji mu nyumba, sababu kikombe kichafu kinaweza kuingia mu bidoni saa yoyote.

Klore ikiingia mu maji inafanya asidi moja dhaifu, HOCl, na hii ndiyo inaua mikrobi. Lakini asidi hiyo haipendi maji yenye pH ya juu. Mu pH 7,5 nusu yake iko HOCl na nusu imegeuka OCl, ambayo iko mvivu sana mu kazi ya kuua. Mu pH 9 inabaki HOCl karibu 3 tu kwa mia. Na ziwa letu, juu ya mawe ya volkano, liko na pH karibu 9! Kwa hiyo ile nusu saa iko ya maji ya pH chini ya 8. Kwa maji ya Kivu mutu mwenye akili anangoja saa moja. Tunaona hii ni neno dogo ambalo halisemwi ya kutosha ku mwambao, pengine sababu watu wako na haraka na chukudu iko inangoja.

Tufike ku amonia. Mkojo una urea. Mikrobi inaigeuza kuwa amonia, ndiyo ile harufu ya choo inayochoma macho. Ndani ya makoro shimo la choo halina udongo wa kuchuja. Machafu inafuata nyufa, inateremka, na mwisho wa kuteremka hapa Goma ni ziwa. Maji ya juu ya ziwa, mbali na watu, haina amonia mingi. Lakini pale karibu na nyumba, mahali pa kuoga na kufua na mengine tusiyoyataja, ni habari ingine.

Klore ikikutana na amonia, inaacha kazi ya mikrobi na kushikamana nayo kwanza. Inatoka kitu kinachoitwa kloramini. Kloramini inaua pia, lakini polepole sana, na harufu yake ni kali kupita ya klore yenyewe. Ndiyo sababu tulisema: maji kunuka dawa sana haionyeshi kwamba dawa iko mingi. Mara nyingi inaonyesha kwamba dawa imekwisha kukamatwa. Na ili kumaliza amonia yote, hesabu inaomba klore mara 7,6 ya uzito wa azoti iliyo mu amonia. Tuseme maji iko na miligrama 0,5 za azoti hiyo kwa lita. Inaomba miligrama 3,8 za klore, kiisha uongeze 0,5 ya mlinzi: 4,3 kwa lita, ni kusema miligrama 86 mu bidoni nzima, karibu mililita 9 za dawa. Kijana ametia 4. Hakukosa, amefuata alivyofundishwa. Lakini mu bidoni ile klore huru haiko hata kidogo.

Ajabu ni kwamba hizi vitu viwili vilipitia mu mikono ya mutu mmoja. Berthollet, Mfaransa, mu 1785 alionyesha kwamba amonia imeungwa kwa azoti na hidrojeni. Ni yeye pia aliyeanzisha maji ya klore ya kungarisha nguo, yaliyotengenezwa mu kijiji cha Javel karibu na Paris, na mpaka leo mama zetu wanasema Javel. Hakuwaza kunywa. Kutia klore mu maji ya mji kwa daima kulianza Ubelgiji, ku Middelkerke, mu 1902.

Kutengeneza amonia ndiko kulisumbua watu zaidi. Hewa imejaa azoti, lakini azoti ni mkaidi, haitaki kuungana. Mu 1909 Fritz Haber, Mjerumani, ku Karlsruhe, aliiunga na hidrojeni kwa moto mkali na kugandamiza sana. Ilitoka matone mu chupa. Kiisha Carl Bosch akapewa kazi ya kugeuza matone kuwa kiwanda. Hapa ndipo sisi tunamsifu Bosch kupita Haber. Mabomba yake ya chuma yalipasuka kisha siku chache tu, sababu hidrojeni ilikuwa inaingia ndani ya chuma na kuiba kaboni yake, na chuma bila kaboni kinavunjika. Bosch akatia bomba la chuma laini lisilo na kaboni ndani ya lile gumu, na lile gumu la inje akalitoboa matundu madogo, ili hidrojeni inayopenya ipate njia ya kutoka bila kuharibu. Chuma kinachovuja kwa makusudi! Mu 1913 kiwanda cha Oppau kikaanza. Leo karibu nusu ya watu wa dunia wanakula chakula kilichokuzwa kwa azoti ya namna hii. Haber naye, tarehe 22 Aprili 1915, alisimamia kufungua klore juu ya waaskari ku Ypres, na watu wakakosa pumzi mu mashimo yao. Mkono mmoja, tena. Kwa sababu hiyo tunawaonya: musichanganye Javel na asidi, wala na amonia, wala musiimwange juu ya mkojo mu choo kilichofungwa. Gazi inayotoka si ya mchezo.

Wengine mu kelasi ya sita wanasema: basi, ziwa letu liko na metani karibu kilometa kibe 60, na metani ikipikwa na mvuke inatoa hidrojeni, tutengeneze amonia na mbolea hapa hapa. Shimi yao iko sawa. Gazi ile inatolewa kweli: tangu 1963, kwa miaka mingi, ilichemsha maji ya kiwanda cha pombe ku Gisenyi, na tangu 2016 KivuWatt, upande wa Rwanda, inaifanya umeme, megawati 26. Lakini muangalie presio. Ku chini kabisa ya Kivu, mita 485, maji inagandamiza karibu mara 50 ya hewa. Mashine ya Bosch inaomba kama mara 200, tena na moto wa digri 450. Ni kupanga chini za ziwa nne moja juu ya ingine, na kuwasha moto ndani. Haiko kazi isiyowezekana, lakini inaomba fedha, amani na umeme usiokatika, na mu vitatu hivi munajua wenyewe tuko na kingapi.

Klore yenyewe haiombi hayo. Ukipitisha umeme mu maji yenye chumvi ya jikoni, hata umeme wa jua, inatoka maji ya klore. Mashine za kufanya hivyo ziko ndogo kama chupa, na hospitali inaweza kuitunza moja. Mu 2 Wafalme 2 Elisha alitia chumvi mu chemchemi ya Yeriko, na maji ikapona. Pasta wetu asituhukumu, hatusemi muujiza ulikuwa elektrolizi. Tunasema tu kwamba chumvi iko ku soko ya Virunga. Na mapovu yanayopanda mu mashine ile ni hidrojeni, ile ile Bosch aliyoihangaikia. Inapotea bure mu hewa, na muiache ipotee, mbali na moto.

Inabaki swali la mutu wa bidoni: atajua namna gani kama maji yake ina amonia? Kuna vidonge vya DPD. Kidonge cha namba 1 kinageuza maji kuwa ya pinki kama klore huru iko. Ukiongeza namba 3 na pinki inakolea sana, klore imekamatwa na amonia. Dawa ya kwanza ni kusogea: kuchota mbali na mahali pa kuoga na pa choo, tena mbele kidogo ndani ya ziwa. Ya pili ni kumwambia msimamizi wa kituo apime na aongeze dawa kwa hesabu. Musiongeze ninyi wenyewe kwa macho. Kuchemsha kunaua mikrobi bila kujali amonia wala pH, ijapo makala inakula fedha.

Siku ya posho, saa nane, mu laboratwari, tutapima maji ya mahali patatu: robine ya interna, tangi ya mvua, na ya mwambao. Mwenye chupa safi yenye kifuniko aje nayo, na aandike juu yake mahali na saa alipochota.