Mazoezi yana nafasi katika tiba ya saratani ya matiti

Katika vijiji vinavyouzunguka mji wa Sagana, Kaunti ya Kirinyaga, mwanamke huamka alfajiri kulima, kuchuma kahawa na kutafuta kuni. Kwa hivyo, anapotibiwa saratani ya matiti kisha akashauriwa kufanya mazoezi, huenda akashangaa ni mazoezi gani tena anayohitaji. Jamaa zake nao, kwa nia njema, humkataza hata kuinua ndoo.

Ushauri huo una sababu. Nyingi ya saratani za matiti hustawishwa na homoni ya estrojeni. Baada ya hedhi kukoma, homoni hiyo hutengenezwa hasa katika mafuta ya mwili. Mazoezi yanayopunguza mafuta hayo husaidia kushusha kiwango chake, pamoja na kile cha insulini.

Hata hivyo, mazoezi hayachukui nafasi ya dawa. Tamoksifeni huizuia estrojeni isizifikie seli za saratani, ilhali anastrozoli huzuia homoni hiyo isitengenezwe. Dawa hizi humezwa kila siku kwa miaka 5 au zaidi.

Hapo ndipo penye hatari. Anastrozoli na dawa za jamii yake huleta maumivu ya viungo na kudhoofisha mifupa, na baadhi ya wagonjwa huziacha kimyakimya. Anayeziacha huongeza uwezekano wa saratani kurejea. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, uliochapishwa mwaka 2015, uliwahusisha wanawake 121 wenye maumivu hayo. Waliofanya mazoezi kwa mwaka mmoja walipata nafuu ya asilimia 29.

Hofu ya mkono kuvimba, hasa kwa waliotolewa tezi za kwapani, nayo imechunguzwa. Mwaka 2009, utafiti mwingine wa Marekani uliowahusisha wanawake 141 waliokuwa tayari na uvimbe huo ulionyesha kuwa walioinua vyuma vilivyoongezwa uzani polepole, chini ya uangalizi, hawakudhurika zaidi.

Siri imo katika neno polepole. Mzigo mkubwa wa kuni unaobebwa ghafla si sawa na chupa mbili za maji zinazoinuliwa kwa utaratibu. Vilevile, kuinama shambani kutwa huchosha mgongo bila kuimarisha misuli yote.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na ya kuimarisha misuli mara mbili. Kutembea kwa kasi hadi sokoni kunahesabiwa; anayeanza aanze na dakika 10.

Mgonjwa ambaye saratani imefika mifupani, mwenye homa au aliyepungukiwa damu amwone daktari kwanza. Na anayeumwa viungo amweleze daktari kabla ya kuacha dawa, kwani nyingine zaweza kupatikana.