Mnyauko wa nyanya: kabla hujanunua bakteria rafiki, soma hapa

Vijana wenzangu mnaolima nyanya hapa Tabora, hasa mliopanda kwenye shamba lililotoka tumbaku, swali lenu la kila msimu nalijua: "Afisa, nyanya zimenyauka zikiwa bado kijani, nipige dawa gani?" Mche ukishanyauka hivyo hakuna dawa ya kuurudisha. Ng'oa, toa nje ya shamba.

Ila hakikisha kwanza. Kata kipande cha shina karibu na mzizi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka ndani ya dakika chache, huyo ni Ralstonia solanacearum, bakteria wa mnyauko. Ute wake unaziba mirija ya maji ndani ya shina, ndiyo maana unamwagilia weee na mmea bado una kiu. Tumbaku na nyanya ni ukoo mmoja, na huyu bwana hachagui.

Sasa kuna bidhaa za Bacillus subtilis, bakteria rafiki, na mnaniuliza kama ni utapeli. Bakteria mwenyewe si utapeli. Tatizo ni kumtumia kama dawa ya kutibu, wakati kazi yake ni kuwahi kujenga.

Ukilijua tembe la Kwihara, walipokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872 kwenye njia ya misafara ya Bagamoyo na Ujiji, utanielewa haraka. Tembe lina miti, udongo na paa. Bacillus naye akifika kwenye mzizi anajenga utando. Udongo wake ni ute wa sukari. Miti yake ni protini iitwayo TasA: kila kipande kinachomeka mkono wake kwenye kipande kinachofuata, kama mabehewa yanavyofungwa pale stesheni, mpaka unakuwa uzi mrefu.

Paa ni protini nyingine, BslA, na hii ndiyo inayonifurahisha. Ina mwili na kofia, na kofia hiyo haipendi maji. Protini ikiwa ndani ya maji, kofia inajificha. Ikifika maji yanapokutana na hewa, inabadili umbo na kutoa nje upande unaokataa maji. Zikijipanga bega kwa bega, tone la maji linateleza juu ya utando kama kwenye jani la gimbi.

Na ujenzi huo ndio wenye faida kwako. Mwaka 2013 watafiti wa China na Marekani walichapisha kazi yao juu ya Bacillus na mnyauko wa nyanya: bakteria walioharibiwa jeni za kujenga utando walishindwa kulinda miche kama wenzao.

Kwa hiyo mpe Bacillus mzizi ukiwa bado msafi: kitaluni, na tena siku ya kuhamisha miche. Usimchanganye kwenye bomba moja na dawa za kuua bakteria, mfano zenye kopa, kama lebo hairuhusu. Hakikisha bidhaa imesajiliwa na TPHPA, na usinunue chupa iliyoanikwa juani dukani.

Kama shamba limeshaugua, Bacillus peke yake hatakuokoa. Panda mahindi au mtama misimu kadhaa, na mnafu unaojiotea humo ung'oe, maana nao unamfuga Ralstonia. Jembe lililotoka shamba la jirani lioshe kabla halijaingia kwako.